Noti Mpya Kabisa za Kukusanya: Ipi Ununue Kwanza Hapa Dodoma

Muuzaji atakuanzia na uzee: "Hii ya enzi za Mwalimu." Wewe anzia na mkunjo. Noti iliyokunjwa mara moja tu katikati, hata ing'ae vipi, si mpya kabisa tena, na bei lazima ishuke. Mwaka jana nililipia ishirini ya Mwalimu iliyonyooka vizuri mno. Nyumbani nikaimulika kwa ubavu na tochi ya simu, mstari ukajitokeza. Ilipigwa pasi! Ningepitisha kucha ningejua pale pale: maandishi ya noti mpya yameinuka, yanakwaruza kidogo, pasi huyalaza.

Kwa anayeanza, namba moja kwangu ni 500 ya Karume ya mwaka 2010. Ilikuwa chenji ya daladala na ya nyanya, ikachakaa upesi hadi sarafu ya 500 ikaletwa mwaka 2014. Safi ni ile iliyosahaulika ndani ya kitabu. Kumbuka tangu Aprili 6, 2025 noti hiyo, pamoja na zile za 1985 hadi 2003, si fedha halali. Kwa hiyo iliyochakaa usiiguse, na anayekwambia "benki watakubadilishia" amechelewa au anakuchezea.

Namba mbili ni za sasa, kwa bei ile ile iliyoandikwa juu yake. Muombe mhudumu wa dirishani noti mpya kama unaenda kutunza maharusi. Noti zetu hazichapwi mwaka, hivyo kusanya kwa saini ya gavana: Ndulu, Luoga, Tutuba. Ukizichoka, unanunulia unga.

Tatu, za 1997 zenye kichwa cha twiga. Nzuri, ila usinunue kwa picha ya WhatsApp. Picha haionyeshi mkunjo.

Za mwisho ni za 1966, 5 hadi 100, toleo la kwanza la Benki Kuu yetu. Najua ndizo unazozitaka. Subiri mpaka kucha zako zizoee, maana hapo kosa moja ni mshahara.

Ukavu wa Dodoma unatusaidia, ukungu si tatizo kama Pwani. Adui ni vumbi, na ile mifuko ya plastiki laini inayonuka, ambayo baada ya miaka huiacha noti inanata. Shika kwa kingo, mikono mikavu, na usiandike bei juu yake hata kwa penseli.