Uzoefu wangu: mechi ya Brøndby IF, tiketi ya kusimama Sydsiden

Naanza na jibu la kama inafaa kwenda, manake najua wengi ndo mnalotaka: ndiyo, nenda, na kama una hela ya mechi moja tu Denmark basi itumie Brøndby, klabu ya kitongoji cha magharibi mwa Copenhagen. Watu wetu wengi wakija Copenhagen wanakimbilia Parken kwa FC København kwa sababu iko mjini na jina wanalijua toka Champions League, sawa, uwanja mzuri ule sina neno nao. Lakini ukitaka kuelewa mpira wa Denmark umetokea wapi, kwa nini nchi ndogo vile ikachukua ubingwa wa Ulaya mwaka 1992, lazima upande treni utoke mjini kidogo uende upande wa magharibi.

Mi naishi Malmö, Sweden, ng'ambo ya daraja, kwa hiyo kwangu ni safari ya treni tu mpaka stesheni kuu ya Copenhagen, hapo unachukua S-tog, treni za mjini na vitongoji, laini B inayoelekea Høje Taastrup, unashuka Brøndbyøster alafu unatembea. Kutembea kwenyewe ni kama nusu saa hivi, usiogope kupotea, siku ya mechi unafuata tu watu wenye skafu za njano na bluu. Na mi nakushauri utembee usitafute basi, manake huo mtaa ni sehemu ya unacholipia. Ni maghorofa ya kawaida, nyumba za matofali, maduka ya Waturuki na Wapakistani, watoto na baiskeli zao. Wenyewe wanaita Vestegnen, yaani vitongoji vya magharibi ambako toka zamani wanaishi watu wa kazi za mikono na familia zilizokuja kutafuta kazi miaka ya 60 na 70. Mashabiki wanajivunia hilo kweli kweli.

Tiketi sasa. Nunua kwa klabu yenyewe kwenye tovuti yao, unaletewa kwenye simu, basi. Narudia hili kwa sababu jamaa yangu mmoja Mkongo ninayekaa naye mtaa mmoja alinunua kwenye tovuti moja ya kuuza tiketi kwa mara ya pili, sitaitaja, akalipa karibu mara tatu na tiketi ikamfikia mechi inakaribia kuanza, roho juu njia nzima. Ya kusimama Sydsiden, jukwaa la nyuma ya goli upande wa kusini, ni nafuu, yangu haikufika kroner 200, ya kukaa majukwaa ya pembeni inapanda kutegemea na mpinzani. Uwanja unaingiza watu kama 29,000 hivi kwenye mechi za ligi kwa sababu ya hizo sehemu za kusimama.

Sasa kwa nini mi naipenda hii klabu, na hapa nitaongea mrefu kidogo mnivumilie.

Brøndby siyo klabu ya zamani kwa hesabu za Denmark. Ilizaliwa tarehe 3 Desemba 1964 kwa kuunganisha vitimu viwili vya vijiji jirani, Brøndbyøster na Brøndbyvester, timu za ridhaa za madaraja ya chini huko. Wakati huo Copenhagen kulikuwa na klabu ya KB ambayo ipo toka 1876, wakubwa, wenye majina, nani angehangaika na Brøndby? Lakini wakapata watu. Kulikuwa na meya, Kjeld Rasmussen, aliyeshika ile manispaa kuanzia 1966 mpaka 2005, mtu wa Social Democrats anayeamini kwamba watu wa kule wanastahili kitu cha kwao. Na kulikuwa na Per Bjerregaard, daktari, alikuja kama mchezaji miaka ya 70 akaishia kuwa bosi wa klabu kwa miongo mitatu. Afu akaja Finn Laudrup kucheza na kufundisha, na Finn alikuja na watoto wake. Watoto wenyewe ni Michael na Brian Laudrup, waliokuja kuwa mastaa wakubwa wa Denmark. Yaani sijui niseme nini zaidi hapo!

Michael alianza kuonekana msimu wa 1982, ule wa kwanza wa Brøndby ligi kuu, hata miaka ishirini hajafikisha, mwaka uliofuata Juventus wakambeba. Ubingwa wa kwanza ukaja 1985. Mwaka 1986 wakawalipa wachezaji wote kama kazi ya kudumu, klabu ya kwanza Denmark kufanya hivyo, kabla ya hapo unakuta beki wa timu ya taifa asubuhi ni fundi bomba au mwalimu. Mwaka 1987 wakaingia soko la hisa la Copenhagen. Na mwaka huohuo wakamchukua kipa mmoja kutoka Hvidovre, mtaa wa jirani kabisa, treni inaupita ukielekea uwanjani. Anaitwa Peter Schmeichel. Sisi tuliokua tunaangalia Manchester United tulidhani Schmeichel alizaliwa Old Trafford, kumbe kabla Ferguson hajamchukua 1991 alishabeba makombe ya ligi manne hapa Brøndby.

Mi nilisimama karibu na mzee mmoja, wa umri wa babu kabisa, skafu yake imepauka mpaka njano imekuwa krimu. Nikamsalimia kwa Kidenishi changu cha kuunga unga, akaona nasikiliza, basi mapumziko yote akawa ananihadithia Roma. Aprili 1991, nusu fainali ya UEFA Cup. Kocha ni Morten Olsen. Walikuwa wameshaipiga Eintracht Frankfurt 5-0 hapa Denmark, wameitoa Ferencváros, wameitoa Bayer Leverkusen, wameitoa Torpedo Moscow kwa penalti. Mechi ya kwanza na Roma 0-0. Ya pili uwanjani kwa Roma, Olimpico, Roma wanaongoza, Brøndby wanasawazisha, 1-1, na kwa 1-1 ile wao ndo wanakwenda fainali kwa goli la ugenini. Zimebaki kama dakika mbili. Mpira unazagaa kwenye boksi, Rudi Völler, mshambuliaji wa Roma, anausukumia ndani. Basi. Mzee alikuwa ananionesha kwa mikono kipa alisimama wapi, mpira ulipita wapi, Völler alitokea upande gani, na macho yamejaa machozi, zaidi ya miaka thelathini imepita jamani. Kwenye kile kikosi kulikuwa na Mnaijeria pia, Uche Okechukwu, yule beki aliyekuja kubeba AFCON 1994 na Super Eagles, nilipomtaja mzee akanishika bega kama tumekutana ndugu.

Alafu mwaka mmoja baadaye ndo ile Euro ya Sweden. Denmark hawakufuzu, wameitwa dakika za mwisho kwa sababu Yugoslavia wamefungiwa, na angalia nani walifanya kazi. Nusu fainali na Uholanzi, penalti ya mwisho anapiga Kim Christofte wa Brøndby. Fainali Gothenburg na Ujerumani, goli la kwanza John Jensen wa Brøndby (huyo ndo Arsenal wakamnunua), la pili Kim Vilfort wa Brøndby. 2-0. Na Vilfort katikati ya mashindano yale alikuwa anarudi nyumbani kumuuguza binti yake mdogo mwenye kansa ya damu, akarudi kambini, akafunga goli la fainali, na mtoto akafariki wiki chache baadaye. Mi hii habari kila nikiisoma nasimama kwanza. Baadaye Vilfort akabaki kwenye klabu akifanya kazi na vijana.

Wakati nchi nzima inasherehekea klabu yenyewe ilikuwa inakaribia kufa. Uongozi ulitaka kununua benki, Interbank, dili likaharibika na madeni yakawaangukia, 1992 nusura wafilisike kabisa. Na mwaka huohuo mjini KB na klabu nyingine, B 1903, wanaungana inazaliwa FC København. Kwa hiyo uhasama wao hauna hata miaka hamsini lakini ni moto. Wabongo mtaelewa nikisema ni Simba na Yanga, ila Simba na Yanga wote ni wa Kariakoo, hapa ni mjini dhidi ya kitongoji, klabu iliyoundwa kwa mipango ya mjini dhidi ya klabu iliyopanda toka chini na mtaa wake. Hivyo ndo wanavyoona watu wa Brøndby, wa upande wa pili wana hadithi yao nayo nzuri tu.

Hawakufa. 1995 wakaenda Anfield wakaitoa Liverpool, 1-0, goli la Dan Eggen. Wakachukua ligi mara tatu mfululizo 1996, 1997 na 1998, wakaingia makundi ya Champions League wakapangwa na Bayern, Barcelona na Manchester United ile ya makombe matatu. Wakaifunga Bayern 2-1, ila kwa United wakala sita na tano. Michael Laudrup akarudi kuwa kocha, 2005 akawapa ligi na kombe msimu mmoja. Baada ya hapo kimya, miaka kumi na sita bila ligi, mpaka Mei 2021 na kikosi chenye vijana wa hapohapo kama Jesper Lindstrøm, akaondoka kwenda Frankfurt na mwaka uliofuata akabeba Europa League. Ligi zao sasa ni 11. Ya 12 waliiona kwa macho Mei 2024, siku ya mwisho wanaongoza msimamo, wako nyumbani, wakafungwa na AGF ya Aarhus 3-2 na kombe likaenda kwa klabu ya Midtjylland.

Haya yote nimeyaweka kwa sababu ukisimama Sydsiden bila kuyajua utaona fujo tu. Ukiyajua unaelewa kwa nini wanaimba vile. Yaani hawanyamazi, dakika tisini, kuna vijana wamepanda juu wanaongoza na ngoma wameipa mgongo mechi muda wote, hawauoni mpira, kazi yao ni kuwafanya wengine waimbe. Kabla ya kuanza wananyanyua tifo, kitambaa kikubwa kinafunika jukwaa zima, wanachora na kushona wenyewe. Siku niliyoenda timu ilifungwa goli la mapema kabisa na sauti ikapanda juu zaidi, nilipata vinyweleo kusimama, nimeenda viwanja vikubwa vya Ujerumani sikuwahi kusikia kitu kile kwa uwanja wa ukubwa ule. Wimbo mmoja wa taratibu, skafu zote juu, mzee wangu pembeni kafumba macho anaimba.

Mambo madogo madogo. Msosi ni soseji za kuchoma na mikate, chipsi, na bia kwa wanaokunywa. Waislamu wenzangu ulizeni kwanza manake soseji za Denmark kwa kawaida ni nguruwe, mi nilikula chipsi nikashiba. Lipa kwa kadi, hela mkononi sahau. Baridi ya kule usiichukulie poa, uwanja uko wazi kwenye tambarare na upepo unapiga, hata Aprili vaa soksi mbili. Usivae nyeupe kama unakwenda Sydsiden, nyeupe ni rangi ya FC København, hakuna atakayekupiga lakini utaangaliwa. Na kule mbele wakati mwingine wanawasha fataki za moshi, mwenye pumu asimame nyuma kabisa au akate ya kukaa.

Kama una watoto kaa pembeni, sauti ya Sydsiden utaipata yote na tifo utaliona vizuri kuliko sisi tuliokuwa chini yake, kwa kweli nikirudi na wanangu ndivyo nitakavyofanya. Mechi ya derby na FC København nzuri kuliko zote ila tiketi zinaisha haraka, polisi wengi, mgeni kabisa asianzie hapo. Angalia ratiba kabla hujakata ndege, ligi yao ina mapumziko ya baridi kuanzia Desemba mpaka Februari na kuna watu wamekuja Januari wakakuta geti limefungwa. Timu ni 12, baada ya raundi 22 sita za juu zinajitenga zinapigania ubingwa peke yao, kwa hiyo kuanzia mwezi wa nne karibu kila mechi ya Brøndby, wakiwa humo, ni kubwa. Mi nakata ya Mei.