Upasuaji wa kiungulia sugu chenye henia ya kiwambo: upi unamfaa nani

Sehemu ya tumbo ikishapanda kifuani kupitia tundu la kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo (hiyo ndiyo henia), dawa ya omeprazoli hupunguza ukali wa asidi tu. Haishushi tumbo, wala haizuii chakula kurudi kooni mtu anapolala. Ndipo wengi hupelekwa kwa daktari wa upasuaji, na aina za upasuaji huo hazifanani hata kidogo.

Inayojulikana zaidi ni Nissen, iliyoitwa kwa jina la Rudolf Nissen aliyeichapisha mwaka 1956. Tangu 1991 hufanywa kwa matundu madogo. Sehemu ya juu ya tumbo hupitishwa nyuma ya umio (mrija wa chakula) ikashonwa mbele, ikawa duara kamili. Asidi inazuiwa vizuri mno. Tatizo ni kwamba baadhi ya wagonjwa chakula huwakwama, wengine hushindwa kubeua na tumbo likajaa gesi.

Toupet huzungushwa digrii 270 tu, upande wa mbele wa umio ukaachwa wazi. Kwa wagonjwa wengi tunaiweka mbele ya Nissen: kukwamwa na gesi hupungua, na asidi hudhibitiwa karibu sawa. Dor, nusu duara ya mbele, tunaona inafaa zaidi kuambatana na upasuaji wa akalasia, ugonjwa ambao umio hausukumi chakula vizuri na mlango wake wa chini haulegei.

Lakini jina la mzunguko lisikushughulishe kuliko ukarabati wa henia yenyewe. Umio lazima uachanishwe na tishu zinazoushika hadi sentimita 2 au 3 zake zilale chini ya kiwambo bila kuvutwa, kisha tundu libanwe kwa nyuzi zisizoyeyuka. Ukishonwa ukiwa umevutwa, utapanda tena pamoja na mzunguko wake. Kabla ya kushona, daktari makini hulivuta kunjo la tumbo huku na huku nyuma ya umio, kama mtu anayeng'arisha kiatu kwa kitambaa. Akiliachia likatulia pale pale, limelegea vya kutosha. Likirudi lilikotoka, linavutwa mahali, na mara nyingi mishipa mifupi inayolishikiza kwenye bandama haijakatwa ya kutosha. Katika Nissen, mzunguko usizidi takriban sentimita 2 kwa urefu. Ukiwa mrefu au umebana, kumeza kunakuwa taabu.

LINX ni pete ya shanga za titani zenye sumaku ndani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012. Chakula kikipita shanga huachana, kisha hukutana tena. Uwezo wa kubeua na kutapika hubaki kwa wengi. Ila henia bado inapaswa kushonwa, mwenye mzio wa nikeli au titani haimfai, na kipimo cha MRI huwa na masharti, kwa hiyo kadi ya kifaa itunzwe. TIF, yaani kukunja sehemu ya juu ya tumbo kuzunguka umio kwa kifaa maalumu, hupitia mdomoni bila kukata ngozi, lakini henia ikizidi sentimita 2 haitoshi peke yake. Mwenye unene uliokithiri aulizie bypass ya Roux-en-Y, upasuaji wa kupunguza uzito unaounganisha kifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo. Kupunguza tumbo kwa sleeve, yaani kulikata libaki kama mrija mwembamba, kunaweza kuzidisha kiungulia.

Usikubali kupangiwa tarehe bila manometria, kipimo cha nguvu ya misuli ya umio. Akalasia hujifanya kiungulia, na kufunga mzunguko kwa mgonjwa wa akalasia ni kumzibia njia ya chakula. Kipimo cha asidi cha saa 24 nacho kina maana, hasa endoskopi (kamera inayopitishwa mdomoni) isipoonyesha vidonda. Kwa kawaida omeprazoli husimamishwa siku 7 kabla, kwa maelekezo ya daktari.

Baada ya Nissen au Toupet, uji, supu na mtori kwa wiki 2 hadi 4, kwa sababu eneo limevimba. Nyama, chapati na mkate vingoje, soda pia. Ndoo ya lita 20 isiguswe kwa wiki 6 hivi. Mwenye LINX hufanya kinyume: vijiko vichache vya chakula kigumu kiasi kila saa moja au mbili, ili kovu lisiikazie pete ikiwa imefunga. Na kichefuchefu cha siku za mwanzo kitibiwe mara moja, maana kujikakamua kutapika hukata nyuzi za kiwambo.