Saladi mchanganyiko ya pakiti: mbegu nzuri, maelekezo mabovu

Mbegu hizi zinaota. Naanza na hilo kwa sababu pakiti za mboga za kigeni zimetuumiza wengi: unanunua, unasia, unamwagilia wiki mbili, mwisho unabaki kutazama udongo. Hii nilinunua kwenye duka la pembejeo hapa Arusha kwa shilingi 4,000. Ni gramu 2 ndani ya foili, mbegu zimeagizwa kutoka Ulaya, na mbele kuna picha ya majani mekundu na ya kijani yaliyojikunjakunja. Kabla ya kugusa udongo nilizipima: mbegu 20 juu ya kitambaa chenye unyevu, katikati ya sahani mbili. Zikaota 18. Kwa mbegu iliyosafiri baharini na kukaa rafuni, hiyo ni kazi ya kuheshimika.

Kwa nini nihangaike na saladi wakati sokoni ipo? Maji. Mchicha, chainizi na figiri tunapika, moto unatusaidia. Jani la saladi linaingia mdomoni bichi. Bustani nyingi za mjini hunyweshwa maji ya mito na mifereji iliyokwisha kupita kwenye makazi ya watu, na jani lenye mikunjo hushika matone na udongo kila penye mkunjo. Unaosha kwa chumvi, unaosha kwa siki, na bado unampa mtoto ukiwa na wasiwasi. Tuta langu liko nyuma ya jiko, linapata maji ya bomba, nayamwaga chini kwenye shina. Naamini familia yoyote yenye kipande cha uwanja, au hata ndoo chache zilizotobolewa chini, inastahili kula jani bichi ambalo maji yake inayajua. Mizizi ya saladi haiendi mbali. Udongo wa sentimita 15 unatosha kabisa.

Sasa lebo. Hapa ndipo kampuni imeniudhi, na sitaki kulipunguza. Imeandikwa tu "saladi mchanganyiko", basi. Hakuna jina hata la aina moja. Ukimwaga mbegu kiganjani unaona nyingine nyeusi, nyingine za kijivu cha kukaribia weupe, lakini rangi ya mbegu haikwambii rangi ya jani. Ilibidi nisubiri zikue ndipo nizitambue: Lollo Rossa yenye kingo nyekundu zilizojikunja, Lollo Bionda ambayo ni ndugu yake wa kijani, zile za majani ya mapengo zinazofanana na jani la mwaloni, nyekundu na kijani, na chache za aina ya Kos, zile ndefu zinazosimama wima. Mchanganyiko ni mzuri kweli. Mnunuzi alipaswa kuambiwa anachonunua.

Baya zaidi ni maelekezo ya kupanda. Lebo inasema ufukie kina cha sentimita 1, na mche uwe umbali wa sentimita 30 kutoka kwa mwenzake. Umbali huo ni wa shamba la saladi za vichwa, na kina hicho kinazika mbegu. Aina nyingi za saladi zinahitaji mwanga ili ziamke. Jambo hili lina historia yake: mwaka 1952 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Beltsville, Maryland, walionyesha kwa mbegu za saladi kwamba mwanga mwekundu unaziamsha, na ule mwekundu wa mbali, ambao jicho halioni vizuri, unazirudisha usingizini. Walipozimulika kwa zamu, mbegu zilitii mwanga wa mwisho. Ikiwa jambo limejulikana miaka yote hiyo, haikubaliki mtu wa nyumbani aambiwe azike mbegu gizani. Mimi nazitawanya juu ya udongo uliolainishwa, nazigandamiza kwa kiganja, kisha napitisha mboji iliyochekechwa, nyembamba kiasi kwamba mbegu bado zinaonekana hapa na pale. Maji ni ya kunyunyiza kwa kopo lenye matundu madogo. Katika baridi ya Julai hapa kwetu, usiku ukishuka hadi nyuzijoto 12 au 13, zilichomoza ndani ya wiki.

Nusu ya pakiti nilimpelekea mdogo wangu Tanga, na huko ndiko niliielewa mbegu hii vizuri. Alisia mwezi Februari. Siku zikapita, akanitumia sauti: "Dada, hizi zako ni mchanga tu, hakuna kitu." Hazikuwa mchanga. Joto la udongo likipanda kupita nyuzijoto 27 hivi, mbegu za aina nyingi za saladi hugoma. Zinaweza kuwa nzima kabisa lakini zimejifunga, zikingoja ubaridi. Udongo wa pwani wakati wa kaskazi unapita kiwango hicho kila mchana. Nikamwambia achukue zilizobaki, azikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, aziweke kwenye friji, rafu ya chini, siku mbili au tatu, kisha asie jioni jua limezama na afunike tuta kwa gunia lililoloweshwa. Gunia linaondolewa mara tu machipukizi meupe yanapoonekana, yasije yakarefuka gizani. Sauti iliyofuata ilikuwa ya kelele: "Dada, zimeamka! Tuta zima!" Pakiti inauzwa nchi nzima, Tanga, Dar es Salaam, Mtwara, na haina sentensi moja kuhusu joto. Mtu wa pwani atatupa mbegu nzima akidhani ameibiwa, na duka litalaumiwa bila kosa.

Zikishaota, tatizo la mchanganyiko linajitokeza. Za kijani zina haraka. Nyekundu zinajivuta, na kabla hazijapata jani la tatu, za kijani zimeshazifunika. Ukiziachia zishindane zenyewe utapata tuta la kijani, utarudi dukani kulalamika kwamba picha imekudanganya. Dawa ni kupunguza mapema, na kupunguza kwa upendeleo: ng'oa za kijani kwanza, ziache nyekundu. Hizo ulizong'oa ni chakula tayari, laini kuliko zitakavyokuwa tena. Ningependa sana kampuni itenge rangi mbili katika vifuko viwili ndani ya pakiti moja. Gharama yake haiwezi kuwa kubwa.

Wekundu wenyewe unahitaji jua. Chini ya kivuli cha mgomba, Lollo Rossa yangu ilibaki na rangi hafifu ya kutu. Ile iliyopata jua la asubuhi na baridi ya usiku ilikuwa nyekundu ya zambarau hasa. Hili linamweka mtu wa pwani mahali pagumu, maana kivuli kinachomsaidia jani lisiwe chungu ndicho kinachoifuta rangi. Mdogo wangu amechagua ladha, akatundika wavu wa kivuli kuanzia saa nne asubuhi. Anakula saladi ya kijani-kahawia, tamu. Namuunga mkono.

Kuvuna ndiko pakiti hii inang'aa. Kwa majani machanga unaweza kuanza baada ya wiki nne au tano. Kata kwa kisu kikali, acha kisiki cha sentimita 2 au 3 juu ya ardhi ili moyo wa mche ubaki, na majani yatarudi. Mizunguko miwili huwa mizuri, wa tatu unategemea hali ya hewa. Kata asubuhi, kabla jua halijalilegeza jani. Mezani kwetu linaliwa na parachichi, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, na limau. Siku ya nyama choma hakuna anayeuliza kachumbari iko wapi. Jani la mwaloni ndilo ninalolipenda, laini, lina utamu wa njugu kwa mbali. Lollo ni nzuri kwa macho zaidi ya mdomo, ina uchungu kidogo kwenye kingo, ila inajaza bakuli vizuri. Kos ni za kutafunika, watoto wanazila tupu.

Ukiona moyo wa mche unanyooka kwenda juu, umechelewa: unakwenda kutoa ua. Shina hujaa utomvu mweupe na jani huwa chungu bila dawa. Kwetu mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo kinachosukuma hasa ni joto, na ukame unaongeza. Ndiyo maana siungi mkono kumwaga pakiti nzima siku moja. Sia kipande kidogo cha tuta kila baada ya wiki mbili au tatu, utakuwa na jani laini muda wote.

Maadui ni wa kawaida. Sota hukata mche usiku usawa wa ardhi; fukua pembeni ya mche ulioanguka asubuhi, utamkuta amejikunja hapo hapo. Konokono, wenye gamba na wasio na gamba, hutafutwa kwa tochi. Kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la miche michanga, huja ukimwagilia jioni kupita kiasi huku miche imebanana. Na kuku: hakuna mboga wanayoipenda zaidi, weka uzio kabla hata ya kusia.

Nimeacha mche mmoja wa jani la mwaloni jekundu, uliovumilia joto kuliko wenzake, utoe ua. Maua ni madogo, ya njano, na mbegu hutoka na manyoya meupe. Saladi hujichavusha yenyewe, kwa hiyo kama si chotara, watoto watafanana na mama, na kwa kufanya hivi mwaka hadi mwaka mtu anaweza kujipatia mbegu iliyozoea uwanja wake. Nazihifadhi kwenye chupa kavu yenye mchele uliokaangwa chini, kwa sababu unyevu ndio unaoziua.

Ningeipa nyota nne kati ya tano. Moja imeondolewa na lebo. Anayetaka kichwa kigumu cha kukata kwa kisu asinunue hii, aulize aina iitwayo Great Lakes. Na muuzaji akikushawishi uchukue kopo la gramu 50 kwa kuwa ni nafuu, kumbuka gramu moja ina mbegu 800 hadi 1,000. Chukua pakiti ndogo, na soma tarehe ya mwisho nyuma yake kabla hujatoa hela.