Seti ya pampu ya maji kwa mashine kuukuu ya boti: inafaa, ila gasketi zake zina kasoro

Kama mashine yako ni kuukuu na kila mara inakula impela (kigurudumu cha mpira chenye mbawa kinachosukuma maji ya kupoza mashine), acha kununua impela peke yake. Chukua seti nzima ya pampu ya maji. Hii niliyoifunga haina jina kubwa, si spea ya kiwandani, na bado naipa alama nzuri.

Mashine yenyewe ni ya farasi 40, silinda mbili, zile za kuchanganya petroli na oili. Mwenye mashine alikuwa ameshabadilisha impela hadi amechoka. Ugonjwa ni uleule: ikiwaka, maji yanaruka vizuri kwenye kitundu cha nyuma, akishaikimbiza kidogo yanapungua, yanabaki matone, mashine inachemsha na nguvu zinakata. Kila aliyemuuliza alimwambia ameuziwa impela feki. Feki zipo, sikatai, lakini zote zife kifo kimoja?

Niliteremsha mguu, yaani sehemu ya chini ya mashine, nikafungua pampu. Mbawa kadhaa hazipo, na zilizobaki zimeliwa kingo kana kwamba zimepigwa tupa. Nikapitisha ukucha ndani ya kikombe cha chuma: unakwama kwenye mifereji iliyochimbwa na mchanga. Bati la chini nalo lina duara limelika. Mbawa za impela hujikunja na kujinyoosha kila mzunguko, zikisugua kikombe hicho na bati hilo. Vikiwa na mifereji, maji yanavujia pembeni na mpira unanyolewa taratibu. Ukiweka impela mpya humo, hata iwe halisi, umeipeleka machinjioni.

Na vile vipande vya mpira vilivyokatika, vimekwenda wapi? Vimepanda na bomba. Kimoja nilikikuta kimelala kwenye themostati (vali inayodhibiti joto la mashine), vingine nilivitoa njiani kwa kusukuma maji kinyume. Usipovitoa, utafunga pampu mpya, mashine itachemsha vilevile, na lawama ataibeba muuza spea.

Sasa seti. Ndani kuna impela, kikombe, bati, kii ya shafti (kipande kinachoshikiza impela kwenye shafti), gasketi (vizibo bapa vya kwenye maungio), ringi za mpira na ule mpira wa kuziba mwisho wa bomba la maji. Impela ni laini, ukibana ubawa unarudi mara moja. Bati nililiweka juu ya kioo, halikucheza. Mpira wa bomba ndio ulionifurahisha zaidi, maana wa zamani ulikuwa umekauka na kupasuka, na mtu anayenunua impela tu hata haugusi. Gasketi ndizo dhaifu: tundu moja halikukaa sawa na bolti, ikabidi nilipanue kwa wembe. Kwa bidhaa ya kuzuia maji, huo ni uzembe.

Karatasi ya maelekezo hamna. Kwa asiyejua: paka sabuni ya maji kwenye kikombe, kisha uzungushe shafti kufuata mwelekeo wa mshale wa saa, ukiitazama kwa juu, huku unakandamiza kikombe kishuke. Mbawa zitalala upande wake. Na tafadhali, ndugu zangu, msiwashe mashine nchi kavu "kuisikiliza tu". Mpira wa impela unalainishwa na maji yaleyale unayoyavuta; bila maji unaungua upesi sana.

Baada ya msimu mzima wa uvuvi niliifungua tena. Mbawa zote zipo, kikombe kina michirizi miembamba tu isiyokwaza ukucha. Kwa mashine changa ambayo kikombe chake bado kinateleza, seti hii ni kupoteza pesa, impela inatosha.

Bolti hazimo kwenye pakiti. Kama mashine inafanya kazi maji ya chumvi, zitafute kabla hujashika spana, kwa sababu walau moja itakukatikia.