Darasa la kwanza: shule ya serikali au ya mchepuo wa Kiingereza?

Kila ikikaribia Januari, wazazi wa Dar es Salaam huanza ubishi huu upya.

Tuanze na pesa, maana ndiyo inayoamua mengi. Shule ya kawaida ya serikali haina ada, lakini sare, madaftari na mchango wa uji au chakula cha mchana unajigharamia mwenyewe. Ya mchepuo, ambayo kwa kawaida ni ya binafsi, ina ada, fomu ya kulipia, na basi la shule. Hilo basi uliulizie mapema: nauli yake peke yake inaweza kukuvuruga bajeti, na mtoto huamshwa saa kumi na moja alfajiri. Wa serikali anatembea na wenzake wa mtaani.

Kuandikisha? Serikalini unakwenda na cheti cha kuzaliwa, basi. Binafsi kuna usaili, mtoto wa miaka sita anaulizwa rangi kwa Kiingereza. Mimi naona ni kumtisha bure.

Kwa lugha, mchepuo unamfaa atakapofika sekondari, ambako masomo mengi ni kwa Kiingereza. Ila kusoma na kuandika hushika haraka zaidi kwa Kiswahili anachokiongea nyumbani. Msongamano darasani ni udhaifu wa serikali; hapo binafsi hushinda.

Kipato chako kikiyumba, usianze na ada utakayoshindwa darasa la tatu. Kikiwa imara, na nyumbani hakuna wa kumsimamia masomo, binafsi inakufaa. Zipo pia za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond. Nafasi zake zinagombewa.