NavIC ninaiheshimu, duka lililoniuzia simu siliheshimu
Nasoma Pune, India, na kabla ya mvua za monsuni nilinunua simu katika duka moja la mjini, nikalipa zaidi ya nilivyokusudia kwa sababu moja tu: muuzaji alinihakikishia kwamba simu hiyo inapokea NavIC, mfumo wa India wenyewe wa kuonyesha mahali kwa setelaiti, na kwamba haitegemei GPS ya Marekani peke yake.

Nilisimama katika uwanja wa wazi, nikafungua programu inayoorodhesha setelaiti, nikaziona za Marekani, za Urusi, za Ulaya na za China. Ya India haikuonekana hata moja, si asubuhi wala jioni. Niliporudi dukani, yule kijana hakuinua hata uso. Aliniuliza, "Ramani inafunguka au haifunguki?" Nilipojibu kwamba inafunguka, akasema basi simu ni nzima, akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu. Fedha yangu hakutaka hata kuizungumzia.

Ilinibidi nijitafutie maelezo mwenyewe. Setelaiti za kizazi cha kwanza cha NavIC hutangaza kwa masafa ya redio yanayoitwa L5 na S, ilhali simu nyingi za bei nafuu husikia L1 tu. Kwa hiyo chipu inaweza kuwa inaufahamu mfumo huo na simu yenyewe isinase chochote. India ilianza kutangaza kwa L1 iliporusha setelaiti ya kizazi kipya, NVS-01, mwaka 2023, nayo ni moja tu. Muuzaji asiyelijua jambo hili asilitumie kupandisha bei, na anayelijua akanyamaza ni mwizi, hata akitoa risiti.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba alilifanyia mzaha jambo zito. Wahindi husimulia hadi leo jinsi Marekani ilivyowanyima taarifa za GPS katika vita na Pakistan huko Kargil mwaka 1999, wanajeshi wao wakiwa milimani. Nchi inayoazima kwa mwingine maarifa ya mahali ilipo inaweza kunyimwa saa ile ile inapoyahitaji, na ndiyo maana shirika lao la anga, ISRO, lilirusha setelaiti ya kwanza mwaka 2013 na kufikisha saba mwaka 2016. Hawakutaka kuizunguka dunia nzima. Walitaka India na kilomita 1,500 kuizunguka. Mvuvi aliye mbali na mtandao wa simu hupata onyo la tufani kupitia setelaiti hizo hizo. Sisi wa Mombasa na Dar es Salaam tuko mbali nje ya eneo hilo, na mfumo wetu wenyewe hatuna. Mahali tulipo tunaambiwa na wengine, kwa hisani yao.

Nilikuwa tayari kuusifu mfumo bila kikomo na kulilaani duka peke yake, lakini kadiri nilivyosoma ndivyo sifa zilivyonipungukia. Saa za atomiki, ambazo setelaiti huzitegemea kupima mahali, zilinunuliwa Ulaya zikaanza kuharibika zikiwa angani, na setelaiti iliyorushwa Agosti 2017 kuziba pengo ilipotea kwa sababu kifuniko cha roketi hakikufunguka. Setelaiti ya NVS-02, ya Januari 2025, ilifika angani ikashindwa kupanda kwenye njia yake. Katikati ya mwaka huo serikali ililiambia Bunge kwamba, kati ya 11 zilizorushwa, ni nne tu zilizokuwa zikitoa huduma ya kuonyesha mahali. Nne ndiyo idadi ya chini kabisa ambayo kipokezi kinahitaji, maana yake moja ikizimika, kujitegemea huko kunabaki kwenye hotuba. Hata simu ghali ya mwenzangu wa chumbani, ambayo inazisikia kweli, huziona pamoja na za GPS na hukokotoa kwa zote.

Hata hivyo siwezi kuwacheka. NVS-01 imebeba saa ya atomiki iliyotengenezwa India yenyewe, na taifa lililojifunza kutengeneza saa hiyo baada ya kuangushwa na za kununua halijashindwa, limechelewa. Kwa leo NavIC naipa nyota tatu, nami sishangai nikiongeza au nikipunguza setelaiti nyingine ikirushwa. Duka halipati kwangu hata nyota moja, na simu nimeitangaza kuiuza, nikiwa nimeandika wazi kwenye tangazo kwamba haina L5.