Josho au chanjo: ndama na ndigana kali

Shika sikio la ndama, likunje, uangalie ndani. Kama kupe wapo, utawakuta wamejipanga kama punje za ulezi. Kupe wa kahawia wa masikio ndiye hubeba Theileria parva, kimelea cha ugonjwa wa ng'ombe uitwao ndigana kali, kinachoingia kwenye chembechembe nyeupe za damu na kuzifanya zizaliane ovyo. Tezi chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji.

Josho, yaani kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe, linapigana na kupe mwenyewe. Ni kazi ya karibu kila wiki, na dawa ikichanganywa nyepesi (tunajua wanaofanya hivyo kubana matumizi) kupe huizoea. Lakini lina faida ambayo chanjo haina: hupunguza pia magonjwa mengine ya kupe: ndigana baridi, mkojo mwekundu na maji moyo.

Chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya, inashangaza kidogo. Ndama huchomwa vimelea vyenyewe, vikiwa hai, na papo hapo huchomwa antibiotiki, oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu ili ugonjwa usimlemee. Mara moja tu, basi. Kinga hudumu miaka. Tabu iko kwenye usafirishaji: hutunzwa ikiwa imegandishwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali mno, na ikishayeyushwa itumike siku hiyo hiyo. Mrija mmoja wa chanjo hutosha ndama wengi, kwa hiyo mwenye ndama wawili lazima awasubiri majirani.

Ningelazimika kutanguliza kimoja, ningechanja. Josho ningelipunguza, nisiliache.